Sarafu moja, ufunguo mmoja

Saa mbili na robo asubuhi, mashine ya kuchongea funguo inanguruma na vumbi la shaba linamrukia fundi kwenye aproni yake ya turubai. Anauchomoa ufunguo, anaupuliza, anaupitisha tupa mara mbili, kisha anaujaribu kwenye kufuli aliloletewa. Kufuli linafunguka.

"Ngapi, fundi?" anauliza dada mwenye kapu la mboga.

"Sarafu moja. Bei ni ile ile, hata mimi imeshanichosha."

Dada anacheka, anabonyeza simu yake, na simu iliyo juu ya kaunta inatoa mlio mfupi. Simu hiyo imefungwa kwa kamba ya nailoni, na kamba imepigiliwa msumari ukutani. Anayepita anaweza kudhani fundi anaogopa wezi. Wapi! Anaiogopa mashine yake mwenyewe, na anayo sababu.

Mtaani wanamwita Kitasa. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo imeishia ndani ya kibanda hiki cha mabati chenye upana wa hatua nne. Ukuta mzima umejaa misumari, na kila msumari umebeba funguo ambazo hazijakatwa meno. Yeye huziita funguo mbichi. Siku nzuri anachonga ishirini na tano, siku mbaya sita, na siku ya mvua kubwa anakaa anasugua koleo ili mikono isilale.

"Kazi hii haitakuua kwa njaa, lakini haitakunenepesha pia," anasema, akijipiga tumbo ambalo kusema kweli halipo.

Wenye magari humjia wawili watatu kila siku, funguo zao zimepotea au zimevunjika. Funguo za magari ya siku hizi zina kidude cha umeme ndani na zinataka mashine yake maalumu, ambayo Kitasa hana. Basi huwaonyesha kwa kidole: kata kona ya pili, ulizia duka lenye mlango wa kioo. Ufunguo mmoja wa gari una faida kuliko funguo arobaini za milango. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwaelekeza watu kwenye riziki ya mwenzake.

Kilichomfanya ajulikane nje ya mtaa wake ni sarafu za kidijitali, zile zinazokaa kwenye simu na hazishikiki mkononi. Kwa muda mrefu nusu ya mtaa ilikuwa ikiamka, inafungua programu na kugonga kitufe, na kila anayegonga anaongezewa kipande cha sarafu. Watu waligonga kwa miaka. Walionyeshana nani anazo nyingi. Hakuna aliyewahi kuzinunulia hata njiti ya kiberiti.

Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alijifungia nje ya nyumba mchana wa jua kali, pochi yake ikiwa ndani. Kitasa akaenda, akamfungulia.

"Akaniambia, fundi, hapa nilipo sina senti, nina hizi sarafu za simu tu, najua utanicheka," anakumbuka. "Kweli nikamcheka. Halafu nikasema, haya, lete moja."

Siku iliyofuata alikwenda kwa mama wa chakula, ambaye amekula kwake tangu kibanda chake kikiwa na paa la makuti. Akamwambia: mama, hii ni sawa na ufunguo mmoja. Nipe sahani leo. Siku kufuli lako likikusumbua, niletee sarafu hii hii, nitakuchongea.

"Alinitazama juu mpaka chini," anasema Kitasa. "Sahani akanipa. Ila nyama akapunguza."

Wiki mbili baadaye mama huyo alifika na kufuli la kabati na ile sarafu. Kitasa akawasha mashine. Habari ikaenea. Kinyozi akaingia, kisha fundi simu wa kibanda cha pili, kisha wengine, hadi sasa vimefika vibanda kumi na tisa. Na wote hao hupanga bei kwa ufunguo. Kunyoa ni ufunguo mmoja, sahani ya chakula ni ufunguo na nusu, kioo cha simu ni funguo kumi na mbili. Huko mtandaoni sarafu hupanda na kushuka kila saa, lakini mtaani haichezi, kwa sababu Kitasa hajawahi kuikataa. Kila Jumatatu saa nne asubuhi hukusanyika mbele ya kibanda chake, dakika kumi tu, kuulizana kama kuna anayetaka kubadili bei. Kinyozi hutaka kila mara, na kila mara hukataliwa.

"Nasikia wataalamu wanasema nyuma ya sarafu hizi hakuna kitu," anasema fundi simu. "Hapa kwetu nyuma yake yupo Kitasa na tupa yake."

Kwa miaka mitatu Kitasa alitumia sarafu alizohitaji na nyingine akaziacha zijikusanye. Alikuwa na shabaha. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa pili, aliyemfundisha kazi zamani, alikuwa anastaafu na kuhamia kwa bintiye. Mzee huyo alikuwa na mashine ya funguo za magari, na mwanawe aliye mbali humtumia matumizi kwa sarafu hizo hizo, kwa hiyo anazijua. Wakakubaliana: sarafu mia sita, mwisho wa mwezi. Ikipita siku hiyo, mashine inakwenda kwa mwenye duka la mlango wa kioo, ambaye tayari alishatoa fedha taslimu mezani. Kitasa alikuwa na sarafu mia sita na arobaini.

Pochi ya sarafu hizi, ukiifungua kwenye simu mara ya kwanza, hukupa maneno kumi na mawili ya kigeni. Simu ikifa au ikiibiwa, unayaingiza maneno hayo kwa mpangilio wake kwenye simu mpya na mali yako inarudi. Ukiyapoteza, imekula kwako, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Wengine huyaandika kwenye daftari. Kitasa hakuamini karatasi, maana inaloa na inaungua. Akachukua funguo mbichi kumi na mbili za shaba, akagonga neno moja kwenye kichwa cha kila ufunguo kwa vyuma vyake vya kugongea herufi, na pembeni akatoboa vidoti: kimoja kwa neno la kwanza, viwili kwa la pili, hadi kumi na viwili. Kisha akazining'iniza ukutani, msumari wa mwisho kabisa chini kushoto, katikati ya mamia ya funguo nyingine.

Tena alichagua aina ya zamani, yenye kichwa cha duara, ya vitasa ambavyo havitengenezwi tena. Nani angekuja kuiulizia? Alijiona mjanja kupita kiasi. Hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake.

Mke wake, ambaye mtaa unamwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao wawili, si mgeni na mashine. Hushika kibanda kila mumewe anapokwenda kazi za nje, na wapo wateja wanaosema mkono wake ni mwepesi zaidi. Alhamisi moja Kitasa alikwenda kubadilisha vitasa vya zahanati, na mwanamke mmoja akafika kibandani na ufunguo wa kizamani wenye kichwa cha duara. Alitaka nakala mbili.

"Nilitafuta ukuta mzima nikakaribia kumwambia hatuna," anasema Mama Pacha. "Halafu nikaziona kule chini. Nilifurahi, we! Nikajisemea, leo nitamwonyesha Baba Pacha kwamba hata vitu vyake vilivyooza mimi naviuza."

Akachomoa mbili, akaona alama kwenye vichwa vyake, akadhani ni mikwaruzo. Hakutaka mteja adhani anauziwa chakavu. Akazisugua kwa msasa hadi zikang'aa, akazikata meno, akapokea sarafu mbili.

Siku kumi baadaye simu ya Kitasa ilikuwa juu ya kaunta huku mashine ikifanya kazi. Kila mashine inapotetemeka, simu husogea kidogo, na siku hiyo ilisogea mpaka ukingoni. Ikaanguka barabarani. Mkokoteni wa saruji ukapita juu yake, gurudumu la mbele na la nyuma.

"Sikushtuka hata kidogo," anasema. "Nilimpa pole mwenye mkokoteni. Nikasema, haidhuru, funguo zangu ninazo."

Akainama kwenye msumari wa mwisho chini kushoto. Akahesabu: kumi. Akahesabu tena, akapiga magoti na kupapasa sakafuni, akahesabu mara ya tatu. Kumi. Wenye vidoti vinne haukuwepo, wala wenye vidoti tisa.

Mama Pacha anasema aliletewa habari na mama wa chakula, kwamba mumeo amekaa chini kibandani na haongei. Alimkuta ameshika tama. Alipoelezwa, naye akaketi, kwa sababu alikumbuka mara moja.

"Nilijua ni mimi niliyeziuza, lakini nilikasirika kuliko yeye," anasema, na bado sauti inapanda. "Miaka mitatu! Tunalala kitanda kimoja, tunakula chungu kimoja, halafu mali ya nyumba nzima iko kwenye msumari na mimi sijui. Angeniambia neno moja tu, Mama Pacha, zile usiziguse."

"Alinisema," anakiri Kitasa. "Alinisema haswa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe.

Fundi simu alipoulizwa alieleza bila kuficha. Maneno yote hutoka kwenye orodha moja ya maneno elfu mbili na arobaini na nane. Likikosekana neno moja, na unajua nafasi yake, unaweza kukaa ukajaribu moja baada ya jingine hadi likubali. Yakikosekana mawili, majaribio yanakuwa zaidi ya milioni nne.

"Nilimwambia, kaka, nitafutie ufunguo mmoja tu," anasema. "Wowote kati ya hizo mbili."

Mtaani maneno hayana mlango. Kufikia Jumatatu kila mtu alikuwa amesikia kwamba sarafu za Kitasa zimepotea hewani. Mama wa chakula aliondoa kibao chake kilichoandikwa kwamba anapokea sarafu. Kinyozi akasema anasubiri kidogo aone upepo unavuma wapi. Kwenye kile kikao cha dakika kumi walifika watu wanne.

Kitasa aliendelea kuchonga funguo kwa sarafu, zikiingia kwenye simu ya mkewe. Siku moja alichonga kumi na saba, kwa sababu watu walikuwa wanakimbilia kuzitumia kabla hazijawa takataka. Funguo mbichi za shaba alinunua kwa fedha taslimu alizoziweka kwa ajili ya ada ya mabinti.

"Roho iliniuma, sitakudanganya," anasema. "Lakini siku ambayo ningesema sipokei, siku hiyo hiyo zingekufa. Za kwangu, za mwalimu, za kila mtu. Mimi ndiye niliyewaambia ni ufunguo."

Mteja hakuwa ameacha jina. Mama Pacha alikumbuka kwamba alivaa sare ya hospitali. Kilichobaki ni kitasa chenyewe, na hapo ujuzi wa miaka kumi na tisa ukafanya kazi. Kitasa alikaa na kipande cha chaki akaorodhesha nyumba zote anazozijua ambazo bado zina vitasa vya aina ile. Zilikuwa saba. Ya tano ilikuwa nyumba ndefu yenye kibaraza, na katika chumba cha mbele anaishi muuguzi.

Muuguzi alifungua mlango, akamsikiliza, akaufunga.

"Jiweke kwenye nafasi yangu," anasema muuguzi huyo. "Fundi wa funguo, mwanamume, anakuja mlangoni kwangu anaomba nimpe ufunguo wangu. Anasema kuna neno lake humo. Mimi nimeutazama ufunguo, sioni neno wala herufi. Ningempa?"

Kesho yake alikuja Mama Pacha, peke yake, akaketi kibarazani mpaka muuguzi aliporudi kutoka kazini. Akamweleza yote, pamoja na sehemu ya msasa na sehemu ya ugomvi wa ndoa. Muuguzi alicheka kwenye ugomvi. Wakapatana hivi: Kitasa atafunga kitasa kipya kwa gharama yake, funguo zote zikiwa ndani ya pakiti isiyofunguliwa, na muuguzi mwenyewe ataichana mbele yao. Ule ufunguo wa zamani ataondoka nao. Ufunguo wa pili alikuwa amepewa mama mwenye nyumba, naye alisema bila haya kwamba ulimponyoka siku ya tatu tu ukatumbukia kwenye shimo la choo.

"Aliniuliza kama nautaka," anasema Kitasa. "Nikamshukuru."

Ufunguo wa muuguzi ulikuwa umesuguliwa ukawa laini kama kijiko. Kitasa akarudi nao kibandani na kuwasha mshumaa. Mafundi wa funguo hutumia masizi kusoma alama ambazo jicho halizioni: unaupitisha ufunguo juu ya mwali mpaka weusi uenee, halafu unaufuta polepole kwa kidole. Shaba iliyogongwa kwa nyundo huacha bonde, na msasa wa mkewe ulikuwa haujafika chini. Weusi ukabaki mabondeni. Kwanza vikatokea vidoti vinne, kisha herufi tano, moja moja.

Likabaki neno la tisa. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita.

Fundi simu aliwapa simu ya kuazima na orodha iliyochapishwa, kurasa kumi na nane, akawaonya wasimtajie mtu neno lolote, yeye akiwa wa kwanza. Kila siku saa nane mchana walifunga kibanda, wakaketi juu ya makreti na kuanza. Kitasa aliandika na mkewe akasoma, mpaka ilipobainika kwamba vidole vya Kitasa ni vinene na vinabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Wakabadilishana.

Maneno mengi yalikataliwa hapo hapo. Lakini kila baada ya maneno kama kumi na sita hivi, pochi ilikubali, ikafunguka, na ndani ikawa tupu.

"Hizo ndizo zilizotutesa," anasema Mama Pacha. "Inafunguka, moyo unaruka, unaona sifuri. Mara ya kwanza nililia. Kufika siku ya tatu nilikuwa nasema tu, sifuri, lete jingine."

Siku ya nne, saa kumi na nusu jioni, kwenye ukurasa wa kumi na tano, Kitasa akasoma neno na mkewe akaliandika. Pochi ikafunguka. Mama Pacha akaisogeza simu karibu na macho, akahesabu tarakimu kwa kidole. Kisha akamgeuzia mumewe kioo. Mia sita na arobaini.

Kitasa alilia, na hafichi. Alilia mbele ya mkewe, na mama wa chakula aliyekuja kuuliza kama watakula alimkuta akilia. Mama huyo alirudi kwake, na alipoleta sahani mbili alikuwa amebeba na kile kibao chake kwapani.

"Nyama hakupunguza," anasema Kitasa.

Sarafu mia sita zilikwenda kwa mzee siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Zilizobaki zimehamia pochi mpya, yenye maneno mapya kumi na mawili, kwenye funguo mpya kumi na mbili. Sita ameficha mume na sita ameficha mke.

Za mke ziko wapi? Kitasa anasema hajui na hataki kujua. Mama Pacha, anayeunganisha pete za funguo upande wa pili wa kaunta, hainui hata kichwa.

"Zake mimi nimeshaziona," anasema.

"Uongo," anasema mumewe.

"Zimo kwenye kiatu chako cha harusi. Cha kushoto."

Kitasa anasema itabidi azihamishe, na mkewe anamjibu asijisumbue.

Mashine inafika Jumamosi kwa mkokoteni, na Kitasa ameapa kuusukuma mwenyewe. Lakini hatakuwa yeye wa kuitumia. Kwa wiki tatu sasa Mama Pacha amekuwa akienda kwa mzee kila jioni kujifunza, na mzee ametoa taarifa kwamba mama huyu anaelewa upesi kuliko mumewe alivyokuwa enzi zake. Vidole vyembamba, amesema, ndivyo vinavyotakiwa. Wakijaliwa, faida ya miezi minne ya kwanza itarudisha ada ya mabinti iliyoliwa na shaba.

Saa nne kasoro, mwanamume mwenye shati lililolowa jasho anasimama mbele ya kaunta. Mkononi ana ufunguo wa gari uliovunjika katikati.

"Fundi, hizi mnatengeneza?"

Mkono wa Kitasa unainuka wenyewe kuelekea kona ya pili, kama ulivyozoea kwa miaka kumi na tisa. Unafika nusu ya njia, unasimama, halafu anaushusha juu ya kaunta.

"Njoo Jumatatu, kaka," anasema. "Umuulizie mama."